Kitabu cha Muuaji na Kikao cha Wazee

Mwaka 1999 mwongozaji wa Kimarekani, Jim Jarmusch, alitoa filamu iitwayo Ghost Dog: The Way of the Samurai. Mhusika wake mkuu ni muuaji wa kukodiwa, mtu mweusi mwenye mwili mkubwa na mwendo wa pole, asiyejulikana kwa jina jingine ila hilo la Ghost Dog. Anakaa peke yake kwenye kibanda kilichojengwa juu ya paa la ghorofa, pamoja na njiwa wake, katika mji ambao filamu haiutaji. Simu hana, ujumbe wake hubebwa na njiwa. Anamfanyia kazi Louie, mtu wa ngazi ya kati katika genge la Mafia ambaye miaka ya nyuma alimwokoa asiuawe, na malipo huyapokea mara moja tu kwa mwaka. Kitabu chake cha kila siku ni Hagakure, mafundisho ya samurai mmoja wa Japani, na kila anachofanya anakifanya kwa kukifuata, hata namna ya kuizungusha bastola kabla ya kuirudisha mahali pake kana kwamba ni upanga. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Forest Whitaker, ambaye Afrika Mashariki tunamjua zaidi kama Idi Amin wa The Last King of Scotland, filamu ya 2006 iliyopigwa Uganda na kumpa tuzo ya Oscar. Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaijua kanuni: steringi hafi. Katika filamu hii steringi anakufa, tena kwa hiari yake, akiwa na bastola aliyoitoa risasi mwenyewe.

Pengine mtu atauliza filamu hiyo ina uhusiano gani na mji wetu huu wa Garissa. Jarmusch aliuliza swali ambalo nchi hii iliyo kaskazini na mashariki ya Mto Tana imelijibu kwa gharama kubwa kuliko watengenezaji wa filamu wote: je, mtu anayeua anaweza kuwa mtu wa heshima, na kama anaweza, heshima hiyo inakaa wapi? Jibu la Ghost Dog ni kwamba inakaa katika moyo wa mtu mmoja na kitabu chake. Jibu la wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera, lililotungwa kabla ya mpaka wa Kenya na Somalia kuchorwa, ni kwamba inakaa kwa watu wanaoweza kumwita muuaji mbele yao na kumwambia alipe. Hoja yangu ni kuwa jibu la pili ndilo sahihi, na kwamba filamu yenyewe, ukiitazama kwa makini, inaliunga mkono bila kukusudia. Mwenye kanuni asiye na wa kumuuliza ana mtindo tu, na mtindo unapendeza machoni hata pale unapoacha maiti nyuma yake.

Tuanze na deni, maana filamu nzima imejengwa juu yake. Ghost Dog anajiona ni mtumishi wa Louie kwa sababu Louie aliyaokoa maisha yake. Tukio hilo tunaonyeshwa zaidi ya mara moja, na masimulizi hayalingani. Katika kumbukumbu ya Ghost Dog, mtu aliyekuwa akimpiga uchochoroni anamwelekezea yeye bunduki, na Louie anafyatua kumwokoa. Katika kumbukumbu ya Louie, bunduki ile imeelekezwa kwa Louie mwenyewe, naye anafyatua kujiokoa. Kijana aliyelala chini amepona kwa bahati tu. Si ajabu kwamba kitabu kingine kinachopita mikononi mwa wahusika ni Rashomon, hadithi za Akutagawa ambamo mauaji mamoja yanasimuliwa na watu tofauti na kila mmoja ana ukweli wake. Tazama basi jambo hili lilivyo zito. Mtu ameua watu kwa miaka mingi, na mwishoni anakubali kuuawa, kwa ajili ya deni ambalo huenda halikuwepo kabisa. Hakuna aliyewahi kuwakalisha wawili hao pamoja na kuuliza: bunduki ilielekea wapi? Mbele ya kikao cha wazee swali hilo lingekuwa la kwanza, na lingeulizwa mbele ya mashahidi, na jibu lake lingebadilisha kila kitu kilichofuata.

Kuna onyesho jingine ambalo watazamaji wengi hulishangilia. Njiani, Ghost Dog anakutana na wawindaji wawili wazungu waliomuua dubu na kumfunga kwenye gari lao. Anawauliza, wanamjibu kwa dharau na kwa ubaguzi, naye anawapiga risasi, akieleza kwamba katika tamaduni za kale dubu alihesabiwa sawa na mwanadamu. Ukumbi hucheka. Lakini sheria hiyo ya dubu ameitoa wapi? Bwana wake hakumtuma na kitabu chake hakikumwagiza. Ameitunga palepale, akawa yeye ndiye mshtaki, hakimu na mtekelezaji wa hukumu. Hapo ndipo kanuni ya mtu mmoja inapoishia daima: inapanuka kufuata hasira yake, na kwa kuwa hasira ya siku ile ilikuwa na haki fulani ndani yake, hatushtuki. Siku ambayo hasira haitakuwa na haki, atakayeizuia hayupo.

Na kitabu chenyewe tukikague, kwa kuwa kinapewa hadhi kubwa kuliko inayostahili. Hagakure ni maneno ya Yamamoto Tsunetomo, aliyezaliwa mwaka 1659 na kufa mwaka 1719, mtumishi wa ukoo wa Nabeshima huko Saga, kusini-magharibi ya Japani. Vita kuu ya Sekigahara ilipiganwa mwaka 1600, na uasi wa Shimabara ulizimwa mwaka 1638. Kwa hiyo Tsunetomo alizaliwa miaka zaidi ya 20 baada ya mapigano makubwa ya mwisho ya zama zile, na kazi yake ilikuwa ya uandishi na utumishi wa nyumbani kwa bwana. Hakupigana vita hata moja. Bwana wake alipofariki mwaka 1700 alitamani kujiua ili amfuate, lakini desturi hiyo ilikuwa imepigwa marufuku, na aliyeipiga marufuku Saga alikuwa bwana huyohuyo. Akanyoa kichwa, akawa mtawa, na miaka kadhaa baadaye akaanza kumsimulia kijana mmoja, Tashiro Tsuramoto, jinsi samurai wa kweli anavyopaswa kufa. Ni maneno ya mtu aliyekosa kifo alichokitaka, akiwahimiza wengine wasikikose. Nasema hivi bila kumdharau. Kuna ndani yake uchunguzi mzuri wa adabu, subira na urafiki. Ila katika kurasa zake utatafuta sana orodha ya watu ambao samurai haruhusiwi kuwaua.

Zaidi ya hapo, Tsunetomo anaulaumu utulivu. Mwaka 1701 bwana wa Ako alilazimishwa kujiua, na watumishi wake 47 wakasubiri karibu miaka 2 kabla ya kulipiza kisasi. Japani nzima iliwaimba. Tsunetomo aliwakosoa kwa sababu walichelewa: adui angeweza kufa kwa ugonjwa, na heshima yao ingepotea. Kwake, mtu wa heshima hapigi hesabu, anakurupuka siku ileile. Wazee wa jamii za wafugaji wangemsikiliza kwa mshangao. Nguvu zote za sheria yao zimekwenda kwenye kuchelewesha: kumtuma mtu wa ukoo usiohusika aende kwa wafiwa, kuwaondoa vijana wenye silaha kisimani, kuhakikisha marehemu amezikwa kwa heshima, kuomba siku, na siku hizo zikiisha kuomba nyingine. Heshima hupimwa kwa uwezo wa ukoo kumshika mkono mtu wake aliyepandwa na damu kichwani.

Sheria hiyo Wasomali huiita xeer, na katika eneo hili inatembea sambamba na sharia ya Kiislamu bila kuwa kitu kimoja nayo. Mila ya zamani iliwagawa wanaume mafungu mawili: wenye mkuki, waranle, na watu wa dini, wadaad. Mwenye mkuki aliheshimiwa kwa ushujaa, lakini aliwekewa mpaka, na mpaka huo una jina: biri-ma-geydo, wale ambao chuma hakiwagusi. Ni wanawake, watoto, wazee, wagonjwa, watu wa dini, wageni na wajumbe wa amani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilichapisha utafiti mzima juu ya mila hiyo, ikaona kuwa wafugaji hawa walikuwa na sheria ya vita inayofanana kwa mengi na mikataba ya Geneva. Na ukiuvuka mpaka, au ukimuua yeyote, kuna bei. Mag kwa Kisomali, dia kwa Kiswahili: kwa kawaida ngamia 100 kwa mwanamume. Ngamia hao hawatoki katika zizi la muuaji peke yake. Sehemu hutolewa na jamaa zake wa karibu, nyingine huchangwa na kundi pana la ukoo lililofungamana kulipa na kupokea dia pamoja.

Hapo pana siri ambayo Hagakure haina. Hebu mfikirie ami yake muuaji, mtu aliyekuwa kisimani kwake bila habari, anayeambiwa kwamba ngamia wake 2, wale wenye maziwa, wanaondoka kwa sababu ya kijana wa kaka yake. Ami huyo hatahitaji kusoma falsafa. Mara ya kwanza atatoa. Mara ya pili atauliza. Kabla ya mara ya tatu atakuwa amekwenda kwa kijana yule usiku na kumpokonya silaha, au ukoo utakuwa umetangaza kwamba hauko tena nyuma yake. Uangalizi wa namna hiyo hauna uzuri wa kuonyeshwa sinema. Unakera, una masimango, una hesabu za mbuzi hadi usiku wa manane. Ghost Dog hana ami. Ana rafiki wawili: Raymond, muuza aiskrimu kutoka Haiti ambaye hazungumzi Kiingereza, na Pearline, msichana mdogo apendaye vitabu. Jarmusch anafanya mzaha mtamu kwa kuwafanya Ghost Dog na Raymond waseme jambo lilelile kila mmoja kwa lugha yake bila kujua. Ni urafiki wa kupendeza, lakini hakuna kati yao awezaye kumuuliza jana usiku alikuwa wapi.

Mtu atasema nimeikomalia filamu ya kuchekesha kana kwamba ni hati ya mahakama. Kweli, ni filamu ya mzaha. Wakubwa wa Mafia ndani yake ni wazee wanaohema wakipanda ngazi, wanaodaiwa kodi ya chumba wanachofanyia mikutano, na wanaotazama katuni za televisheni huku wakipanga kuua. Wanaparamia mapaa wakimtafuta mtu mwenye njiwa, na wakimkosa wanamuulia njiwa mtu asiyehusika. Ghost Dog anampiga Louie risasi ya bega ili wenzake wasimshuku, na baadaye tena, hadi Louie analalamika. Mwongozaji anajua vizuri kuwa kanuni zote mbili, ya samurai na ya Mafia, zimekwisha kazi, na wahusika wake wenyewe wanakiri kuwa wao ni mabaki ya makabila ya kale. Lakini mzaha huo hauondoi uzuri anaompa muuaji. Kamera inampenda, muziki wa RZA unampenda, na kifo chake kimepangwa kama ibada. Kabla yake, mwaka 1967, Mfaransa Jean-Pierre Melville alitengeneza Le Samouraï, Alain Delon akiwa muuaji mpweke mwenye koti na kofia, na filamu ikafunguliwa kwa maneno yaliyodaiwa kutoka katika kitabu cha bushido. Maneno yale Melville aliyatunga mwenyewe. Nadhani hilo linatosha kuonyesha jinsi kanuni ya namna hii inavyopatikana kwa urahisi: ukiikosa kitabuni, unaandika ya kwako.

Pingamizi zito zaidi linatoka hapahapa nyumbani. Nani asiyejua ubaya wa maslaha, usuluhishi huu wa wazee? Uhai wa mwanamke huhesabiwa ngamia 50. Msichana akibakwa, wanaume wa pande mbili hukaa, hukubaliana mifugo, hunywa chai, na yeye aliyedhulumiwa haulizwi wala haonekani. Ukoo tajiri hulipa, na muuaji hurudi sokoni wiki inayofuata. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililowakutanisha viongozi wa jamii za wilaya za kaskazini kutafuta njia ya pamoja ya kuzuia wizi wa mifugo na mauaji, liliweka dia ya mwanamume 100 na ya mwanamke 50, na nusu hiyo haiwezi kutetewa kwa kusema tu ndivyo mababu walivyofanya. Katiba ya 2010 imelishika jambo hili kwa pande zote: kifungu cha 159 kinaagiza mahakama zihimize njia za jadi za kusuluhisha migogoro, kisha kinakataza njia hizo zikivunja haki za binadamu zilizotajwa na Katiba hiyohiyo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa fidia ya mifugo, na mabishano ya wanasheria juu ya uamuzi huo yalikuwa makali. Mimi nawaunga mkono walioshtuka. Kosa la ubakaji halina nafasi chini ya mti, na mauaji hayawezi kumalizwa na wafiwa peke yao kana kwamba jamhuri haikufiwa. Lakini angalia lawama hizi zinaelekea wapi. Zote zinasema kikao kilikuwa na watu pungufu: mwanamke hakuwepo, dola haikuwepo, maskini hakusikilizwa. Hakuna anayesema dawa ni kumwachia mwenye bunduki ajihukumu.

Na kikao kiliwahi kupanuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukame ukiwa umekausha Wajir na silaha zikimiminika kutoka Somalia iliyosambaratika, koo ziliuana hadi wanawake wa ukoo mmoja wakakataa kuuziana na wa ukoo mwingine sokoni. Wanawake ndio walioanza. Walikutana, wakaanza na soko, wakaweka walinzi wao wenyewe wa kuhakikisha kila mama anauza na kununua kwa yeyote, ndipo wakawaendea wazee, na wazee wa ukoo mdogo wakaombwa wawaite wale wakubwa. Mwaka 1993 likapatikana Azimio la Al-Fatah, na kufikia 1995 pakawa na kamati ya amani iliyounganisha wanawake, vijana, wazee, viongozi wa dini na maafisa wa wilaya. Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir na mmoja wa waanzilishi, alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya gari akiwa njiani kuja Garissa katika shughuli za amani. Kamati zile ziliigwa wilaya nyingine za Kenya. Sifa ya kazi yake ni kuwa haikuibomoa xeer wala kuiacha ilivyo. Iliingiza ndani watu waliokuwa wakilipia gharama ya vita bila kuwa na sauti katika kuvimaliza.

Lipo swali jingine ambalo Garissa ina haki ya kuliuliza kwa uchungu. Kama ukoo unawajibika kwa kosa la mtu wake, je, si hiyo ndiyo fikra iliyotumika kutuangamiza? Novemba 1980 mtu mmoja mwenye bunduki aliwaua maafisa wa serikali katika mji huu, na adhabu ikaushukia mji mzima: mtaa wa Bulla Kartasi ukachomwa moto, watu wakakusanywa na kuzuiwa. Februari 1984 wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, kwa kisingizio cha kusaka silaha. Walivuliwa nguo, wakanyimwa maji chini ya jua, wakapigwa risasi. Kwa miaka mingi serikali ilikiri vifo 57. Watu wa Wajir wanahesabu kwa maelfu. Na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013 ilithibitisha kuwa dola ndiyo iliyofanya unyama ule. Hata hivyo, kulipa pamoja na kufa pamoja ni mambo mawili yasiyokutana. Dia inachukua ngamia wa ami ili isichukue roho yake. Ina kiwango kinachojulikana, ina mahali pa kukata shauri, na ikishalipwa kosa limezikwa. Wagalla haikuwa na kiwango, haikuwa na shauri, na haikumtenga mzee wala mgonjwa. Askari wale walikuwa na amri, nidhamu na sare, mambo ambayo Tsunetomo angeyasifu. Walichokosa ni mtu wa kuwaita baadaye na kuwauliza, na mpaka leo hawajaitwa.

Wapo watakaosema mila hiyo ilikufa zamani, kwamba baada ya Somalia kusambaratika mwaka 1991 wanawake na watoto waliuawa huko mchana kweupe na biri-ma-geydo haikumzuia mtu. Ni kweli ilivunjwa. Lakini aliyeivunja alikuwa kijana wa aina gani? Alikuwa yule aliyepata chakula, silaha na cheo kutoka kwa mbabe wa vita, asiyehitaji tena ngamia wa ami yake wala kibali chake. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, hapa Garissa, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, baada ya washambuliaji kuwatenga kwa dini. Mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera, na baba yake alikuwa ameripoti kwamba haonekani. Simlinganishi na Ghost Dog kwa tabia; huyu wa filamu alimwacha hai binti aliyemkuta chumbani siku ya kazi, na huruma hiyo ndiyo iliyomponza. Nawalinganisha kwa jambo moja tu, nalo ni kubwa: wote wawili walijitoa katika duara la watu wanaowajua, wakachukua maandishi yaliyotafsiriwa kwa namna moja, na kujipa ruhusa. Baba anatafuta, mtoto hana tena habari na baba.

Miezi 8 baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi la abiria likielekea Mandera lilisimamishwa na watu wenye bunduki karibu na El Wak. Wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla, katika kaunti hiyohiyo, abiria 28 walikuwa wameuawa baada ya kutengwa hivyo, kwa hiyo kila mtu ndani ya basi alielewa maana ya amri. Wanawake wa Kiislamu waliwavisha hijabu wenzao Wakristo. Abiria wakakataa kujitenga, wakawaambia wawaue wote au wawaache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki mwezi uliofuata, na baadaye taifa likamtunuku nishani. Wanafunzi wa shule ya filamu ya Hamburg, wakiongozwa na Katja Benrath, walilifanya tukio hilo kuwa filamu fupi, Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Ukiiweka kando ya ile ya Jarmusch utaona tofauti ambayo nimekuwa nikiieleza. Mgeni yumo katika orodha ya wale wasioguswa na chuma, na orodha hiyo siku ile haikuwa mfukoni mwa mtu mmoja. Ilikuwa ndani ya basi zima, kwa watu ambao wengi wao huenda hawakuwa wamewahi kuisoma popote, na ilishika kwa sababu kila mmoja aliona mwenzake pia anaikumbuka.

Mwisho wa filamu ya Ghost Dog, Louie anafyatua, mtumishi wake anaanguka mbele ya gari la aiskrimu, na Louie anaingia katika gari la bosi mpya, ambaye ni yuleyule binti aliyeachwa hai. Genge linaendelea. Pearline anabaki na Hagakure, anakaa chini, anasoma. Wachambuzi wengi wameuona mwisho huo kuwa wa matumaini, mafundisho yamepata mrithi. Mimi naona mtoto amepewa kitabu cha jinsi ya kufa na hakuna mtu mzima aliyekaa naye kukisoma.

Vijana wa Garissa, Wajir na Mandera nao wanasoma, wengi wao kwenye simu, na wanayoyasoma juu ya heshima na kifo yameandikwa na watu wasiowajua. Maazimio ya Al-Fatah na Modogashe yapo, lakini kwa kijana wa sekondari ni kama hayapo: hayafundishwi darasani, hayaigizwi, na vikao vinavyoyatumia bado humweka yeye na dada yake pembeni. Kamati za amani za kaunti hizi tatu ziyachapishe kwa Kiswahili na Kisomali, ziirekebishe ile nusu ya mwanamke, na ziwape vijana viti katika kikao kijacho, wakiwa na haki ya kuuliza maswali. Na ninyi mnaotengeneza filamu hapa mjini, msisubiri Hamburg.